Skrubu za Nyonga Zinashika kwa Uimara Gani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtu akiambiwa kwamba nyonga yake, au ya ndugu yake, itafungwa kwa skrubu, hutoka chumba cha daktari na maswali mengi kuliko majibu. Hapa tumekusanya yale yanayorudi tena na tena kutoka kwa wagonjwa, kwa ndugu wanaouguza, na kwa wanafunzi wa tiba wanaoanza somo la mifupa. Tunaeleza jinsi uimara unavyopatikana na jinsi unavyopotea. Uamuzi juu ya mgonjwa fulani ni wa daktari aliyemchunguza na kuziona picha zake.

Kwa nini nyonga inaitwa pete?

Kwa sababu imefungwa pande zote. Kuna mifupa miwili ya nyonga, kulia na kushoto, na katikati yake nyuma kuna sakramu, ule mfupa wa pembetatu ulio mwisho wa uti wa mgongo. Nyuma, sakramu inakutana na mifupa ya nyonga kwenye viungo viwili vya sakroiliaki. Mbele, mifupa ya kinena, yaani sehemu za mbele za mifupa hiyohiyo ya nyonga, inakutana kwenye simfisisi, kiungo cha gegedu.

Sasa zingatia jambo hili, maana mengi yanayofuata yanatoka hapa: ukiondoa kano zote, mifupa hiyo mitatu inaachana. Umbo lake peke yake haliwezi kuishikilia. Kazi hiyo inafanywa na kano, na zile za nyuma ya viungo vya sakroiliaki ni miongoni mwa kano zenye nguvu kuliko zote mwilini. Zimewekwa hapo kwa sababu uzito wa kiwiliwili unapita hapo: unashuka kutoka uti wa mgongo, unaingia sakramu, unavuka viungo vya sakroiliaki, kisha unafika kwenye vikombe vya nyonga, mashimo yanayoshika vichwa vya mifupa ya paja, na kwenda miguuni. Ukiketi, unaishia kwenye mifupa ya kalio. Vitabu vingi vya mifupa hukadiria kwamba nyuma ya pete huchangia takriban asilimia 60 ya uimara na mbele asilimia 40.

Na kwa kuwa ni pete, ikikatika mahali pamoja na vipande vikahama, daktari hutafuta jeraha la pili. Mara nyingi lipo, hata kama eksirei ya kwanza haikulionyesha. Ndiyo maana picha ya CT, eksirei inayoonyesha mwili kipande kwa kipande, huagizwa.

Daktari akisema nyonga "haiko imara", anamaanisha nini?

Anamaanisha kwamba nguvu za kawaida za mwili, kama kugeuka kitandani, kuketi au kusimama, zinaweza kuihamisha mifupa. Marvin Tile, daktari wa mifupa wa Kanada, aliyapanga majeraha haya katika makundi matatu kwenye andiko lake la 1988, na mpangilio huo bado unatumika. Kundi A, pete bado ni imara. Kundi B, nusu ya nyonga inaweza kufunguka au kujikunja kwa mzunguko, lakini haiwezi kupanda juu kwa sababu kano za nyuma hazijakatika zote. Kundi C, nyuma kumekatika kabisa, na nusu hiyo ya nyonga inaweza kupanda, kurudi nyuma na kuzunguka.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza skrubu ina nguvu kiasi gani, uliza inatakiwa kuzuia mwendo gani. Katika kundi B skrubu ina msaidizi, zile kano za nyuma zilizobaki. Katika kundi C inabeba karibu kila kitu.

Wataalamu wa biomekanika, elimu ya nguvu zinazofanya kazi mwilini, hutenganisha mambo mawili ambayo sisi wengine huyachanganya. Kwanza ni ukakamavu: kwa mzigo fulani, mifupa inasogea milimita ngapi? Pili ni nguvu ya mwisho: ni mzigo gani unaoufanya ufungaji ushindwe? Wagonjwa huuliza la pili, "itavunjika?" Mfupa unaojaribu kuunga unategemea zaidi lile la kwanza. Mwendo mdogo sana unaruhusu uungaji, lakini mwendo mkubwa unaorudiwa kila siku huzichana tishu changa kabla hazijawa mfupa, na hapo hata chuma kisichovunjika kimeshindwa kazi yake.

Je, kila nyonga iliyovunjika inahitaji skrubu?

Hapana. Mivunjiko mingi ya kundi A, na baadhi ya kundi B ambayo haijahama, hupona kwa dawa za maumivu, magongo na mazoezi yanayosimamiwa.

Skrubu ya iliosakrali inapita wapi hasa?

Inaingia kutoka upande wa nje wa nyonga, juu ya kalio, inatoboa iliamu, ile sehemu pana ya juu ya mfupa wa nyonga, inavuka kiungo cha sakroiliaki, na kuingia katika mwili wa pingili ya kwanza ya sakramu (S1) au ya pili (S2). Mara nyingi jeraha la ngozi ni dogo, sentimita moja au mbili.

Udogo wa jeraha hilo huwapotosha watu wakadhani kazi yenyewe ni ndogo. Ndani, njia ni nyembamba kweli. Mbele ya bawa la sakramu, yaani sehemu yake ya pembeni, hupita neva ya L5 inayotoka kwenye uti wa kiuno, chini yake kuna tundu la neva ya S1, na nyuma kuna mfereji wa uti wa mgongo. Daktari husukuma kwanza waya wa mwongozo huku akiangalia eksirei ya papo kwa papo katika mielekeo mitatu: mmoja unaoangalia pete kutoka juu, mmoja unaoangalia sakramu uso kwa uso, na mmoja wa ubavuni. Waya ukionekana salama katika mwelekeo mmoja tu, hiyo haitoshi. Mkono nao unasoma: waya unakutana na ganda gumu la nje la iliamu, kisha la ndani, kisha la sakramu. Baada ya kulipita hilo la tatu, ukinzani hupungua ghafla, kwa kuwa sasa uko ndani ya mfupa wa sponji. Ukinzani mgumu ukijitokeza tena mahali usipotarajiwa, ni ishara ya kusimama na kupiga picha kabla ya kuendelea.

Skrubu yenyewe ina tundu katikati na inateleza juu ya waya huo. Chini ya kichwa chake huwekwa washa, ile pete bapa ya chuma. Iliamu upande huo ni nyembamba, na bila washa kichwa kinaweza kuzama ndani ya mfupa wakati wa kukaza. Kikizama, kile kishikio cha nje kimepotea, na skrubu inabaki ikitegemea meno yake tu.

Skrubu moja inatosha, au ni lazima mbili?

Hili ndilo swali lililopimwa sana maabara, na jibu linategemea mwendo tuliosema hapo juu. Ubao uliopigiliwa msumari mmoja hauanguki, lakini unazunguka kwenye huo msumari. Nyonga nayo ndivyo ilivyo: skrubu moja inazuia vizuri kiungo kisifunguke, lakini nusu ya nyonga inaweza kujizungusha kwenye mhimili wa skrubu kila unapoinua mguu au kujiinua kuketi. Skrubu ya pili, ikiwekwa mbali kidogo na ya kwanza, inaufunga mzunguko huo. Vipimo vilivyofanyika kwenye nyonga za maiti zenye majeraha ya kundi C vimeonyesha kwamba skrubu mbili huongeza ukakamavu dhidi ya mzunguko na mzigo unaoweza kubebwa.

Basi kwa nini wengine huwekewa moja? Wakati mwingine kwa sababu kano za nyuma zimebaki na mzunguko haupo wa kutisha. Wakati mwingine kwa sababu hakuna nafasi. Umbo la sakramu hutofautiana sana kati ya watu, na kuna wenye sakramu ambayo njia yake ya S1 imeinama na kubana kiasi kwamba skrubu ndefu ya kulala haipiti. Kwa watu hao njia ya S2 kwa kawaida ni pana zaidi, na hapo ndipo daktari huhamia. Hayo yote huamuliwa kwenye CT kabla ya siku ya upasuaji.

Ipo pia skrubu ndefu inayotoka iliamu moja, ikapita sakramu yote, ikatokea iliamu ya upande wa pili. Faida yake ni kwamba inashika ganda gumu pande zote mbili badala ya kuishia katikati ya mfupa laini. Kwa mivunjiko ya wima ya sakramu na kwa mifupa dhaifu, mimi naiona kuwa chaguo la kwanza la kufikiria pale njia inaporuhusu.

Unene wa skrubu una maana? Na lile tundu la katikati haliidhoofishi?

Unene una maana kubwa. Skrubu zinazotumika hapa mara nyingi zina kipenyo cha nje cha milimita 6.5 hadi 8.0, na 7.3 ni ya kawaida sana. Ukinzani wa fimbo ya duara dhidi ya kupinda hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo, yaani fimbo yenye unene maradufu ni ngumu kupinda mara 16. Nyongeza ndogo ya unene wa kiini, ile sehemu iliyo ndani ya meno, kwa hiyo inalipa kuliko inavyoonekana kwa macho.

Hesabu hiyohiyo inatuliza hofu ya tundu. Fimbo yenye tundu la nusu ya kipenyo chake inapoteza sehemu 1 tu kati ya 16 za ukinzani wake dhidi ya kupinda, takriban asilimia 6. Chuma kilicho katikati kabisa hakifanyi kazi kubwa wakati wa kupinda, ila kile cha pembeni.

Kung'oka ni habari nyingine. Hapo kinachohesabika ni kipenyo cha nje cha meno, urefu wa meno yaliyozama kwenye mfupa mzuri, na msongamano wa mfupa wenyewe. Mfupa ukiwa dhaifu, skrubu nene haiwezi kufidia yote.

Kwa nini nyingine zina meno nchani tu na nyingine mwili mzima?

Yenye meno nchani hubana: ncha inashika kipande cha mbali, kichwa na washa vinasukuma cha karibu, pengo linafungwa. Kwa kiungo cha sakroiliaki kilichoachana, hiyo ni sawa kabisa, kwa kuwa nyuso zikigusana kwa nguvu, msuguano wake nao unabeba mzigo.

Mvunjiko ukipita kwenye matundu ya neva za sakramu, tahadhari inabadilika. Mwaka 1988 Francis Denis na wenzake waliigawa sakramu katika kanda tatu: nje ya matundu, kwenye matundu, na kwenye mfereji wa katikati. Madhara ya neva huongezeka kadiri unavyoelekea katikati. Kwenye kanda ya pili iliyosagika, kubana kupita kiasi kunaweza kuziminya neva kati ya vipande. Hapo skrubu yenye meno mwili mzima inafaa zaidi, kwa kuwa inashika vipande mahali vilipo bila kuvivuta.

Kwa nini madaktari wanasisitiza kurudisha mifupa mahali pake kwanza? Si skrubu itaivuta?

Hapana, haitaivuta ipasavyo, na hapa ndipo pa kukazia kuliko popote kwenye ukurasa huu.

Fikiria njia ya nguvu. Mifupa ikiwa imekutana meno kwa meno, uso uliovunjika wa upande mmoja umekaa kwenye mabonde ya mwenzake, na sehemu kubwa ya uzito inapita mfupa kwa mfupa. Skrubu inabaki na kazi ya kuizuia isiachane. Mifupa ikiachwa na pengo au hatua, mguso huo haupo, na kila kilo inayoshuka inapita kwenye skrubu, ikiikunja katikati ya pengo. Chuma kinachokunjwa na kunyooshwa maelfu ya mara huchoka na kupasuka hata kwa mzigo mdogo kuliko ule unaoweza kukivunja mara moja.

Kuna hasara ya pili. Mvunjiko wa sakramu ukibaki umehama kwenda juu, njia salama ya skrubu yenyewe inasinyaa, kwa sababu mfupa wa upande mmoja hauko tena sambamba na wa pili. Kuhama kwa sentimita moja kunatosha kuondoa takriban nusu ya nafasi ya mguso, na skrubu mbili zikawa hatari kuziweka. Yaani urudishaji mbaya unaongeza mzigo na papo hapo unapunguza nafasi ya vyuma vya kuubeba. Ndiyo maana huenda ukamwona mgonjwa amefungwa uzito wa kuvuta mguu siku kadhaa kabla ya upasuaji. Kazi imeshaanza.

Mwelekeo wa mvunjiko nao una sauti. Mstari ulio wima kabisa unageuza uzito wa mwili kuwa nguvu ya kuteleza, ambayo skrubu ya kulala inaihimili vibaya kuliko nguvu nyingine zote.

Ni lini skrubu pekee hazitoshi?

Hasa kwenye mivunjiko ya wima ya sakramu iliyosagika, ambapo hakuna uso mzuri wa kugusana, na pale sakramu ilipokatika pande zote mbili hata uti wa mgongo ukaachana na nyonga. Hapo huunganishwa fito kutoka skrubu za pingili za kiuno hadi skrubu ndani ya iliamu, na mara nyingi huongezwa skrubu ya iliosakrali. Uzito unaikwepa sakramu iliyovunjika. Kwa vipimo vya mizigo ya wima, mpangilio huo ni miongoni mwa iliyo imara zaidi. Gharama yake ni upasuaji mkubwa, vyuma vinavyoweza kusumbua chini ya ngozi, hatari zaidi ya maambukizi, na mara nyingi upasuaji mwingine wa kuvitoa.

Na mbele ya pete? Kuna haja ya kuifunga?

Mara nyingi inasaidia nyuma kuliko watu wanavyodhani. Simfisisi iliyofunguka hufungwa kwa bamba na skrubu. Tawi la kinena lililovunjika linaweza kupitishiwa skrubu ndefu ndani yake. Fremu ya nje yenye pini mbili ni msaada mkubwa wa dharura, na pini zilizowekwa juu ya kikombe cha nyonga hushika mfupa mnene kuliko zile za ukingo wa juu wa iliamu. Lakini fremu ya mbele peke yake haiwezi kudhibiti jeraha la kundi C. Nguvu inapita nyuma, na huko ndiko kumekatika.

Bamba la simfisisi linaweza kulegea au kuvunjika miezi baadaye, kwa kuwa kiungo hicho kimeumbwa kisogee kidogo. Likionekana limevunjika kwenye picha na mgonjwa hana maumivu wala pete haijafunguka, mara nyingi huachwa lilivyo.

Mama yangu ni mzee na mifupa yake ni dhaifu. Skrubu zitashika?

Ni swali zito. Kwa uzee na osteoporosisi, bawa la sakramu linaweza kubaki karibu tupu ndani, mafuta yakichukua nafasi ya mfupa. Skrubu inayoishia humo haina cha kushika. Yapo mambo kadhaa yanayofanyika: kuifikisha skrubu hadi mwili wa S1 ambako mfupa ni mzito zaidi, kutumia ile ndefu inayotoka upande wa pili, kuingiza saruji ya mifupa kuizunguka ncha, au kutumia ufito unaovuka sakramu na kufungwa kwa nati pande zote mbili. Ufito huo hautegemei meno ndani ya sakramu, bali nati zinazokaza kwenye iliamu.

Kwa mzee, lengo kubwa ni kuamka. Kulala wiki nyingi huleta kuganda kwa damu, nimonia, vidonda vya mgandamizo na misuli kuisha. Ufungaji unaomruhusu kusimama na fremu ya kutembelea mapema una thamani kuliko picha nzuri ya eksirei. Na udhaifu wa mifupa wenyewe utibiwe. Tafadhali ulizeni hili kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani, kwa sababu ni jambo linalosahaulika.

Hivyo vipimo vya maabara vinafanywaje, na tuviamini kiasi gani?

Nyonga ya maiti au ya plastiki maalumu hukatwa jeraha linalofanana kila mara, hufungwa kwa njia zinazolinganishwa, kisha huwekwa kwenye mashine inayosukuma kutoka juu kana kwamba mtu amesimama, kwa mguu mmoja au miwili. Mzigo hurudiwa maelfu ya mara, na kamera husoma alama zilizobandikwa kila upande wa mvunjiko kuona umesogea kiasi gani. Mwishoni mzigo huongezwa hadi ufungaji ushindwe. Wengine huiga yote hayo kwa kompyuta.

Viamini katika kulinganisha: mpangilio huu dhidi ya ule, katika hali ileile. Usivitumie kutabiri kilo za mgonjwa wako. Mashine haina misuli, nyonga ya plastiki haina kano zake za asili, na maiti haiungi mfupa. Kwa mgonjwa aliye hai, skrubu inashindana na muda: kila wiki mfupa unachukua sehemu ya kazi.

Nitaanza lini kukanyaga?

Kwa majeraha yasiyo imara, wengi huambiwa wapunguze uzito kwenye upande ulioumia kwa wiki 6 hadi 12. Sababu iko kwenye hesabu. Ukisimama kwa mguu mmoja, misuli ya pembeni ya nyonga lazima ivute kwa nguvu ili kiwiliwili kisipinduke, na kiungo cha nyonga hubeba takriban mara 2 hadi 3 ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 70, ni sawa na kilo 140 hadi 210. Magongo mawili hupunguza sana mzigo huo.

Ukiambiwa ugusishe mguu chini bila kuulemea, gusisha kweli. Kuuning'iniza hewani muda wote huilazimisha misuli kukaza, na mkazo huo unaweza kuibana nyonga kuliko kugusa sakafu kidogo.

Dalili gani zionyeshe kwamba skrubu imelegea?

Maumivu mapya nyuma ya nyonga baada ya kipindi cha nafuu, mlio wa kusagika, mguu unaoonekana kuwa mfupi, au kichwa cha skrubu kuanza kugusika chini ya ngozi. Kwenye eksirei daktari hutafuta ukanda mweusi kuizunguka skrubu na kama imerudi nyuma au kupinda.

Ganzi sehemu za siri au makalio, kushindwa kukojoa au kuzuia choo, au mguu unaokosa nguvu ghafla, ni dharura. Nenda hospitali saa hiyohiyo. Vivyo hivyo muundi uliovimba na kuuma, kifua kubana, homa, au usaha kwenye kidonda.

Titani au chuma kisichoshika kutu?

Vyote hufanya kazi. Titani hupinda kirahisi zaidi, ukakamavu wake ukiwa kidogo zaidi ya nusu ya ule wa chuma, na huziharibu picha za CT na MRI kwa kiasi kidogo kuliko chuma. Ukipelekwa MRI, sema una vyuma. Kwa kawaida si kizuizi.

Zitatolewa? Na nikitaka kuzaa baadaye?

Skrubu za nyuma mara nyingi huachwa, isipokuwa zikisumbua, zikilegea au zikipata maambukizi. Kuzaa kunawezekana, na wanawake wengi waliofungwa nyonga wamejifungua kwa njia ya kawaida. Mwenye bamba la simfisisi, au skrubu zinazovuka viungo vyote viwili, amweleze mkunga au daktari wa uzazi mapema na apeleke picha zake, ili waangalie umbo la nyonga lilivyopona. Nyonga iliyounga ikiwa imepinda ndiyo inayoweza kubana njia ya mtoto, hata kama vyuma vilishatolewa.